Gari la Jasusi Kwenye Pedi ya Gemu

Aston Martin DB5 limeendeshwa na watu wengi mno ambao hawajawahi kufungua mlango wake. Kiwanda cha Newport Pagnell, mji mdogo wa Buckinghamshire huko Uingereza, kilitengeneza magari elfu moja na kidogo tu ya aina hiyo kati ya 1963 na 1965, kisha kikaingia kwenye DB6. Mengi ya yaliyosalia yamelala kwenye gereji za matajiri chini ya turubai laini, yakitolewa siku za jua. Sisi wengine tumelijua kupitia runinga: kwanza likiwa gari la James Bond, jasusi wa filamu, baadaye likiwa gari la gemu.

Mimi ni fundi magari. Kazi nilifundishwa Tanga, kwenye gereji ya uani huko Ngamiani, na sasa naifanyia Coventry, mji ambao zamani kila mtaa ulikuwa na mtu wa kiwanda cha magari. Jioni, nikishanawa grisi, hukaa na mpwa wangu tukashika pedi. Kwa kuwa mchana nashika spana na usiku nashika pedi, nimeifuatilia historia ya gari hili kwenye gemu kuliko watu wengi wa rika langu, na nimeona jambo moja linalojirudia tangu mwanzo hadi leo. Watengeneza gemu waliligawa gari hili mara mbili. Wengine walichukua bunduki, moshi na mafuta ya kumwaga barabarani, wakaliacha gari lenyewe. Wengine walichukua gari lenyewe kwa kila skrubu yake, wakaacha bunduki. Waliojaribu kuchukua yote mawili ni wachache, na hawakupokewa vizuri.

Mgawanyo huo haukuanzia kwenye gemu. Ulianzia kwenye filamu.

Ian Fleming alipoandika riwaya ya Goldfinger mwaka 1959 alimpa Bond gari la Aston Martin DB Mark III, lenye vifaa vichache vya siri. Filamu ilipotengenezwa mwaka 1964, gari jipya la kampuni lilikuwa DB5. Msanifu wa mandhari Ken Adam, mzaliwa wa Berlin aliyewahi kurusha ndege za kivita za Uingereza, na mtaalamu wa vifaa vya filamu John Stears, walikaa na kulijaza gari hilo kila hila waliyoweza kuifikiria: bunduki nyuma ya taa za mbele, ngao ya chuma inayopanda nyuma ya kioo cha nyuma, moshi, mafuta ya kuwatelezesha wanaofuata, visu vinavyotoka katikati ya magurudumu ili kuchana tairi za jirani, na kiti cha abiria kinachofyatuka kupitia paa. Mwongozaji Guy Hamilton alisimulia kwamba wazo la namba za gari zinazozunguka lilimjia baada ya kuchoshwa na faini za maegesho. Dereva yeyote wa London angemwelewa.

Ukitazama filamu unaona gari moja la rangi ya fedha lenye namba BMT 216A. Ukweli ni kwamba yalikuwa mawili. Moja lilikuwa gari la mfano la kiwanda, lenye namba ya chasisi DP/216/1. Hilo ndilo lililopachikwa vifaa, likawa zito na gumu kuendesha. La pili, lililosajiliwa kwa namba FMP 7B, lilikuwa gari la kawaida la kukimbizwa barabarani kwenye milima ya Furka huko Uswisi. Na hata lile la vifaa lilikuwa na uongo wake. Bunduki zilitoa cheche za gesi, si risasi. Kiti kilichoruka kilifungwa kwa ajili ya picha hiyo tu, na aliyerushwa alikuwa sanamu. Kwa lugha ya gereji, moja lilikuwa gari na jingine lilikuwa kifaa cha maonyesho. Mhariri wa filamu ndiye aliyeyaunganisha yakawa gari moja vichwani mwetu.

Maisha ya magari hayo mawili baadaye yanaeleza mengi. Lile la vifaa liliibwa mwaka 1997 kutoka kwenye banda la ndege huko Boca Raton, Florida, na tangu hapo hakuna aliyelionyesha hadharani. Lile la kuendeshwa liliuzwa kwenye mnada London mwaka 2010 kwa zaidi ya pauni milioni 2.5.

Mtu wa kawaida alipata nafasi ya kwanza ya kulichezea gari hilo mwaka 1965, kampuni ya Corgi ilipotoa kigari cha chuma chenye urefu wa kiganja. Kilipakwa rangi ya dhahabu, si fedha. Ukibonyeza kitufe ubavuni, paa linafunguka na jambazi anarushwa nje. Kampuni iliwajua watoto vizuri, ikaweka jambazi wa akiba ndani ya boksi. Kigari hicho kiliuzwa kwa mamilioni. Kwangu mimi hicho ndicho mzazi wa gemu zote zilizofuata, kwa sababu kilihamisha raha kutoka kwenye kutazama kwenda kwenye kubonyeza. Mtoto wa 1965 hakujali kama magurudumu yana breki za diski. Alitaka kitufe.

Waliolishika wazo hilo la kitufe ni Wamarekani wa Bally Midway, kampuni ya mashine za gemu za sarafu yenye makao Chicago. Mwaka 1983 walitoa Spy Hunter, kazi ya msanifu George Gomez. Unaliangalia gari kutoka juu kama vile umekaa kwenye helikopta. Barabara inashuka chini ya macho yako, nawe umeshika usukani wenye vitufe vya bunduki, moshi, mafuta na makombora, pamoja na mpini wa gia mbili, ndogo na kubwa. Ukihitaji silaha unalifuata lori jekundu na kupanda kwa nyuma yake huku linaendelea kukimbia. Mbele kidogo barabara inagawanyika, gari linaingia kwenye kibanda na kutoka majini likiwa boti.

Hakuna jina la Bond humo, wala la Aston Martin. Gari liliitwa G-6155 Interceptor, jina la kubuni. Inaelezwa kwamba waliutaka muziki wa Bond, lakini kibali hakikupatikana, ndipo wakatumia muziki wa Henry Mancini kutoka kwenye tamthilia ya upelelezi ya Peter Gunn. Lakini kila aliyewahi kutazama Goldfinger alilitambua gari hilo mara moja. Moshi ni ule ule, mafuta ni yale yale. Hata visu vya magurudumu vimo, isipokuwa vimewekwa kwa adui: gari moja linaloitwa Switchblade linakusogelea ubavuni na kukuchana tairi. Na ukimpiga risasi raia asiyehusika, pointi zako zinasimama kwa muda. Sheria hiyo ndogo naipenda hadi leo, kwa sababu inamkumbusha mchezaji kwamba barabara ina watu wengine.

Tazama kilichotokea hapo. Kwa kukosa karatasi ya kibali, watengenezaji walitoa gari lenye vifaa vyote vya DB5 bila bati hata moja la DB5. Na gemu ikafanikiwa sana, ikanakiliwa kila mahali. Hata wenye kibali halali wakageuka kuiga. Mwaka 1990 kampuni ya Domark ya Uingereza ilitoa gemu ya The Spy Who Loved Me kwa kompyuta za nyumbani, ikiwa na Lotus Esprit jeupe la filamu ya 1977, lile linaloingia baharini na kugeuka nyambizi. Gari linatazamwa kutoka juu, na lori la Q, mtengeneza vifaa wa Bond, linakuja kukuongezea silaha. Mtu aliyecheza Spy Hunter hakuhitaji maelezo. Mtoto amemfunza mzazi kutembea.

Ubora wa picha wa wakati huo ulikuwa mdogo mno kumwezesha mtu kutofautisha Aston na sanduku la viatu, na hiyo ni sababu nyingine ya vifaa kushinda. Vitone vichache vya rangi haviwezi kuonyesha mkunjo wa bati uliochorwa na Carrozzeria Touring ya Milan. Lakini vitone vitatu vikitoka mbele ya gari, kila mtu anajua ni risasi. Hadi PlayStation ilipoingia, gari la jasusi kwenye gemu lilitambulika kwa lilichofanya. Baada ya hapo lilianza kutambulika kwa sura.

PlayStation ya kwanza ndiyo tuliyokua nayo Tanga. Mwenye banda la gemu alikuwa na runinga za inchi kumi na nne zilizopangwa kwenye meza ya mbao, pedi zilizochakaa vifungo, na CD za kunakili zilizoandikwa majina kwa kalamu ya wino mzito. Ulilipa kwa mchezo au kwa muda, na nyuma yako kulikuwa na foleni ya watoto wanaokuhesabia dakika kwa sauti. Humo ndimo nilipokutana na 007 Racing, iliyotolewa na Electronic Arts Novemba 2000 na kutengenezwa na Eutechnyx, kampuni ya Gateshead, kaskazini mwa Uingereza. Safari hii kibali kilikuwepo. DB5 lilikuwemo kwa jina lake, pamoja na Lotus Esprit na BMW za filamu za Bond za Pierce Brosnan. Makombora yalikuwemo, moshi na mafuta vilikuwemo. Sauti ya mwigizaji John Cleese ilikuwa inakupa maelekezo ambayo sisi hatukuyaelewa hata nusu.

Kwenye karatasi, hiyo ndiyo gemu iliyopaswa kumaliza ubishi, maana gari na vifaa vilikutana. Lakini ukikaa kwenye pedi unagundua kwamba haikuamua inataka kuwa nini. Si gemu ya mashindano, kwa kuwa muda mwingi unazunguka mitaani kutafuta bomu au kumfukuza mtu huku saa inakimbia. Si gemu ya vita, kwa kuwa gari linateleza kama liko kwenye sabuni na kulenga ni shida. Wahakiki wengi waliipa alama za chini, na bandani kwetu hukumu ilitolewa kwa njia rahisi zaidi: CD ile ilikaa chini ya rundo, na foleni ikahamia Gran Turismo.

Kwa hiyo mwaka 2005 Electronic Arts walipolirudisha DB5 kwenye From Russia with Love, walilitumia kwa vipande vifupi tu kati ya mapigano ya kwa miguu. Katika filamu ya 1963 yenye jina hilo DB5 halimo kabisa. Bond ana Bentley. Waliliingiza kwa sababu watu walilitaka. Walimrudisha pia Sean Connery mwenyewe, Bond wa filamu hiyo, akiwa mzee, akarekodi upya sauti ya Bond. Sijui kama kuna gari lingine la miaka ya 1960 lenye nguvu ya kuingia kwenye hadithi ambayo halikuwemo.

Gran Turismo ilikuwa njia nyingine kabisa. Kazunori Yamauchi na kampuni yake ya Polyphony Digital huko Japani waliitoa ya kwanza mwaka 1997 wakiwa na imani kwamba gari la kawaida, lile analolipaki jirani, linatosha kuwa shujaa wa gemu. Hakuna kombora. Kuna uzito, mshiko wa tairi, gia na kona. Imani hiyo ilienea, Wamarekani na Waingereza wakaja na Forza, na hatimaye DB5 likafika huko pia. Kwenye Gran Turismo 7 ya mwaka 2022 limewekwa katika kundi la magari ya kihistoria, yale ambayo bei yake ndani ya gemu inafuata thamani ya minada ya kweli. Mchezaji anakusanya fedha za gemu kwa muda mrefu ili alinunue, kama mwenye gari halisi alivyokusanya zake.

Lakini nyumba yake halisi naona ilikuwa Forza Horizon 4. Gemu hiyo ilitoka Oktoba 2018, na walioitengeneza ni Playground Games wa Leamington Spa, mji ulio karibu na hapa ninapokaa. Nchi ya gemu ni Uingereza yenyewe: Edinburgh, Ambleside, daraja la reli la Glenfinnan, vijiji vya mawe vya Cotswolds. Magari yanapita kushoto, usukani uko kulia, jambo ambalo kwa mtu wa Tanga ni kurudi nyumbani. Pamoja nayo kulikuwa na kifurushi cha magari kumi ya Bond, kuanzia DB5 la Goldfinger na Lotus la 1977 hadi Citroën 2CV na DB10 la filamu ya Spectre.

Hapa nalazimika kuongea kama fundi, maana ndipo gemu ilipofanya kitu ambacho filamu haikuwahi kufanya. Filamu inakuambia DB5 ni panga. Gemu inakuambia ni jahazi lenye injini kali. Gari hili lina uzito wa takriban kilo 1,500. Injini yake ya silinda sita, lita nne, iliyosanifiwa na Mpolandi Tadek Marek, ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 282, na likinyooshwa linafika kama kilomita 230 kwa saa. Kwa mwaka 1964 hizo ni sifa kubwa. Lakini nyuma lina ekseli moja nzima, tairi zake ni nyembamba, na limetengenezwa kumsafirisha bwana na bibi kutoka London hadi kusini mwa Ufaransa wakiwa na masanduku yao. Ukiingia nalo kwenye kona ya Ambleside kwa mwendo wa gari la leo, mwili unalala upande, pua inakataa kugeuka, na usipoachia mafuta mapema utajikuta kwenye ukuta wa mawe pamoja na kondoo. Inabidi ulipunguze kasi kwenye mstari ulionyooka, uligeuze kwa upole, kisha ulipe mafuta taratibu. Ndivyo wazee walivyoendesha, na hakuna filamu ya Bond iliyonifundisha hilo.

Sauti nayo. Gereji ninayofanyia kazi hupokea mara moja moja magari ya zamani, na mteja mmoja mzee ana DB6, mdogo wake DB5, yenye injini ya ukoo ule ule. Ina kabureta tatu za SU zilizopangwa mstari mmoja. Kabureta hizo si ngeni kwa fundi wa Afrika Mashariki. Morris Minor na Austin za wakati wa mkoloni zilikuja nazo, na bwana aliyenifundisha Tanga alizijua kama jina lake. Kila moja ina kopo la shaba au alumini juu, ndani yake pistoni inapanda na kushuka kwa mvuto wa hewa, na sindano chini yake inaamua petroli ipite kiasi gani. Unatia mafuta mepesi juu ya pistoni ili isirukeruke.

Zikiwa tatu, kazi ni kuzifanya zipumue pamoja. Chukua kipande cha mpira wa bomba, ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza. Sikiliza mfoko. Nenda ya pili, nenda ya tatu. Ile inayopiga mluzi mkali inavuta hewa nyingi, unairudisha robo ya skrubu. Ile inayonong'ona unaifungua. Unarudia hadi zote tatu ziwe na sauti moja. Zikikubaliana, injini inaacha kutikisa bonati, na ukikanyaga mafuta mlio wake unapanda bila kukwaruza: mzito chini, halafu mwembamba na mkavu ukikaribia mwisho. Mlio huo upo kwenye gemu. Watengenezaji wa siku hizi hurekodi magari halisi kwa vipaza sauti vinavyofungwa karibu na injini na karibu na ekzosi, na matokeo yake nikiwa nimefumba macho nasikia kabisa kabureta zikivuta hewa nikikanyaga mafuta ghafla. Spika za runinga hazitoshi kwa kazi hiyo. Vaa vipokea sauti vya masikioni, uangalie gari kwa ndani, ambako usukani wa mbao na saa za dashibodi za kampuni ya Smiths vipo mahali pake.

Mpwa wangu, ambaye amezaliwa hapa na Kiswahili chake kina lafudhi ya Coventry, hakuvutiwa na kabureta. Aliendesha kidogo, akajaribu kila kitufe cha pedi, kisha akanigeukia.

"Mjomba, bunduki ziko wapi?"

"Hazifanyi kazi. Ni mapambo."

"Sasa hili gari la Bond gani?"

Swali lake lina haki. Kwenye Forza huwezi kumfyatulia mtu risasi wala kumrusha abiria, na sababu si uwezo wa kompyuta. Mashine ya 1983 iliweza. Gemu ya mashindano inaingia nyumba zenye watoto wadogo, na mtengenezaji wa magari hapendi kuona chuma chake kikiua watu au kikivunjwavunjwa. Gemu inapopewa ruhusa ya kutumia jina na umbo la gari, inapewa na mipaka yake. Juu ya hapo kuna wenye Bond nao, wenye mipaka yao. Kila tabaka la ruhusa linaondoa kitu kimoja. Ndiyo maana gari lisilo na kibali, Interceptor la Chicago, ndilo lililokuwa huru kuliko yote.

Mwenye kudhani kwamba filamu imelitunza gari vizuri kuliko gemu, na atazame yaliyotokea baadaye. Kwenye Skyfall ya 2012 DB5 linaloteketea lilikuwa mfano mdogo, theluthi ya ukubwa wa gari, uliochapwa kwa mashine huko Ujerumani. Kwenye No Time to Die ya 2021, magari manane yanayozungushwa kwenye mitaa ya mji wa Matera, Italia, yalitengenezwa upya na kiwanda, yakiwa na mwili wa nyuzi za kaboni na mitambo ya kisasa ndani. Ilibidi, kwa kuwa hakuna mwenye akili atakayerusha gari la mamilioni ya pauni juu ya ngazi za mawe. Lakini maana yake ni kwamba gari linalokwenda mbio kwenye filamu mpya lina sura tu ya DB5, wakati lile la kwenye gemu lina uzito, gia na tabia ya lile la 1964.

Aston Martin wenyewe wameingia mchezoni. Mwaka 2020 walianza kutoa magari 25 mapya ya Goldfinger, yakijengwa Newport Pagnell kwa mkono, yenye moshi, ngao, namba zinazozunguka na bunduki za kuigiza. Bei ilikuwa pauni milioni 2.75 kabla ya kodi, na hayaruhusiwi kutembea barabarani. Mnunuzi analiendesha kwenye kiwanja chake, anabonyeza vitufe, taa zinawaka, moshi unatoka, hakuna anayeumia. Mpwa wangu alipoelezwa alicheka, akasema tajiri huyo amenunua gemu ghali kuliko zote duniani. Sikumpinga.

Lililonisukuma kuandika ni jambo la mwisho, nalo limeanza kuonekana. Karatasi za kibali zina tarehe za kuisha. Kibali cha gemu za Bond kilikuwa kwa Electronic Arts, kikahamia Activision, na mwanzoni mwa 2013 gemu za Bond za Activision zikaondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Bizarre Creations ya Liverpool, iliyotengeneza mojawapo ya gemu hizo, Blood Stone ya 2010, ilishafungwa tangu 2011. Forza Horizon 4 nayo iliacha kuuzwa mtandaoni tarehe 15 Desemba 2024, na vifurushi vyake vya nyongeza vilikuwa vimeshaacha kuuzwa miezi kadhaa kabla. Aliyenunua mapema anaendelea kucheza. Aliyechelewa hawezi kulipata kifurushi cha Bond hata akiwa na fedha mkononi. Gemu yenyewe haijazeeka wala haijaharibika. Mikataba ya magari na muziki imefika mwisho.

Fundi anafahamu kwamba gari likiachwa linaoza: kutu inaingia chini ya milango, mpira wa breki unakauka. Lakini gari lililoachwa unaweza kulifufua, ukipata chasisi na subira. Gari la gemu likifungiwa na mkataba hakuna skrubu ya kugusa. Ubingwa wa watu waliolirekodi, waliolipima na kulipa tabia yake unazikwa pamoja nalo, na kizazi kijacho kitabaki na filamu peke yake, ambayo juu ya uendeshaji wa DB5 haikusema kweli hata mara moja.

Kwa maoni yangu, DB5 bora kwenye gemu ni la Forza Horizon 4, na gemu bora ya gari la jasusi bado ni Spy Hunter ya 1983. Hakuna aliyeweza kuyaunganisha vizuri, na sitegemei aweze, kwa kuwa anayetoa ruhusa ya gari na anayetaka bunduki ni nadra kukaa meza moja. Kwa hiyo wewe mwenye gemu za zamani nyumbani, usizitupe wala usiziuze kwa bei ya chai. Tunza diski, tunza mashine yake, tunza na pedi. Na kama una Forza Horizon 4 kwenye akaunti yako, mwachie mtoto alijaribu gari la rangi ya fedha kwa usukani wa kulia, umwambie apunguze mwendo kabla ya kona.